Juzi kwenye ukingo wa Ziwa Ngozi

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa Kariakoo, wateja wangu wapendwa na wote wanaonidhania mvivu, kwamba juzi Jumapili mimi, muuza viatu, baba wa binti mmoja na kitambi kimoja, nimepanda mlima hadi ukingoni mwa Ziwa Ngozi, kule Mbeya. Shughuli nyingine za kitaifa ziendelee.

Leo ni Jumanne. Hapa mtaani kwetu Gerezani kuna mawingu na lile joto la kabla ya mvua. Magoti yangu yamegoma. Tunakaa ghorofa ya tatu, na asubuhi nimeshuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, huku watoto wa shule wakinipisha na shikamoo zao za huruma.

Dukani ni maswali tu. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, ambaye naye anauza viatu na huwa hanisalimii mpaka biashara iwe mbaya kwa wote wawili, alitaka kujua ziwa lina rangi gani. Nikamwambia bluu. Fundi cherehani wa barazani akauliza bluu ipi. Nikasema bluu ya sare ya shule iliyofuliwa mara mbili tatu. Muuza kahawa akataka picha, nikasema simu ilizima chaji. Walinisikiliza kwa adabu sana. Nilijisikia vibaya, ila si sana.

Safari ilikuwa ya klabu yetu ya jogging, wale wanaopita mtaani Jumapili alfajiri wakiimba na kuwaamsha waungwana. Mimi ni mwanachama wa kulipa ada na kuvaa jezi. Kukimbia nawaachia wenye shida hiyo.

Sasa kwa nini nilijiandikisha.

Mke wangu, Mama Salma, aliugua mwaka jana. Akalazwa, akapasuliwa, akarudi nyumbani. Daktari ameshasema amepona, vipimo vyote safi. Anapika, anacheka kidogo, anasali. Lakini ameacha kupanga mambo. Mapazia mapya hataki, anasema ya nini. Seti yake ya vyombo vya kaure, ile ambayo hata wageni walikuwa wakiitazama kwenye kabati tu, amempa mdogo wake. Salma, binti yetu, akipiga simu kutoka Dodoma na kuanza habari za likizo, mama yake anamuuliza huko nyanya bei gani. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akinichagulia kanzu ya Idi ya mwakani kabla Idi ya mwaka huo haijafika.

Naogopa. Sijamwambia mtu, naandika hapa.

Basi nikamwambia naenda kupanda mlima na klabu. Nilijua nikimbembeleza aje, hatakuja. Alinitazama tumbo kwa muda, akasema yeye hana nguvu za kupokea rambirambi, bora aje anichunge.

Basi hadi Mbeya ni siku nzima ya kukaa. Tulilala mjini, na asubuhi tukapelekwa kijijini chini ya mlima. Mwongozaji wetu anaitwa Ambakisye, mtu wa makamo kama mimi, isipokuwa yeye hakutengenezwa kwa chapati. Tulianza kwenye mashamba ya viazi, tukaingia msituni, baridi ikatushika. Wengine tulizaliwa Dar, baridi tunaijua ya kwenye friji.

Klabu ina sheria moja ninayoipenda: mwenye mwendo mdogo anatangulia, wote wanafuata mwendo wake, hakuna kumpita. Asubuhi tulimweka Mama Salma mbele, kwa heshima, tena nikamwambia asione haya. Tulipofika kwenye mianzi, wa mbele nilikuwa mimi.

Halafu viatu. Nilivaa vya dukani kwangu, vile ambavyo miaka yote nimewaapia wateja kwamba vinapanda mlima wowote duniani. Kwenye tope la pili tu, soli ya kulia ikafungua mdomo. Nilijaribu kutembea kana kwamba hakuna kitu, lakini ilikuwa inapiga kofi kila hatua. Mama Salma akatoa mtandio wake wa akiba, akapiga magoti topeni, akanifunga kiatu kama mzigo wa kusafirishwa mkoani. Katikati ya kufunga akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikashtuka, nikamuuliza kama mshono unauma.

"Mshono ulishapona, Baba Salma. Niache nicheke."

Sasa ukweli, kwa kuwa hapa hakuna mteja.

Ziwa sikuliona. Hakuna aliyeliona. Tulifika ukingoni tukakuta ukungu mweupe kuanzia kwenye vidole vya miguu hadi mbinguni. Ambakisye alionyesha kwa mkono, akasema lipo hapo chini, kubwa tu, na akatuomba radhi kama vile ndiye aliyelifunika. Tulikaa tukisubiri hadi chai ya chupa ikaisha. Vijana walipiga picha, nyeupe tupu. Nami moyo ulinishuka. Nimemtoa mtu Gerezani, nimemburuza topeni, kuja kumwonyesha hewa. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza.

Yeye alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anautazama ukungu vile anavyotazama kitambaa kabla hajaanza kudai apunguziwe bei. Akamuuliza Ambakisye ni mwezi gani kunakuwa peupe. Juni, akajibiwa, asubuhi, kiangazi kikishakolea. Akauliza kama nyumba za wageni zinajaa wakati huo. Akauliza kama kuna basi la moja kwa moja kutoka Dodoma, maana ana binti kule na angependa naye aone.

Niliogopa hata kukohoa.

Ndipo akanigeukia, mbele ya klabu nzima.

"Na wewe, tukija Juni, uvae viatu vya duka la jirani."

Watu walicheka sana. Mimi niliinama kukaza ule mtandio, nikaukaza muda mrefu kuliko ulivyohitaji, mpaka macho yakatulia.

Naandika haya sebuleni. Yeye yuko chumbani na simu, anabishana na Salma: Salma anataka twende mwishoni mwa Juni, yeye anataka mwanzoni, kabla wageni hawajajaa. Sauti imepanda, na hakuna anayekubali kushuka. Nimezima redio nisikie vizuri.