Ribaundi za Nambari 24

12 Januari 2004

Baba, shikamoo.

Goti linasemaje na baridi hii? Huku wote wazima, Joanne na watoto wanakusalimu.

Nina habari njema. Tarehe 7 Februari, wakati wa mapumziko ya mechi, chuo kitatundika kibao chako ukumbini: ribaundi thelathini na moja katika mechi moja, mwaka 1968. Tangu hapo hakuna kijana aliyedaka mipira mingi hivyo chini ya kikapu. Kitabu kipya cha rekodi nakiandaa mimi mwenyewe. Vaa ile tai aliyokununulia mama.

Mwanao, Curtis

19 Januari

Marahaba, mwanangu.

Goti linauma, ng'ombe wanakula, sina neno.

Hicho kibao sikitaki. Chukua karatasi ya mechi ile uangalie faulo zangu. Ya tano niliipata dakika ya tatu ya kipindi cha pili, nikatolewa. Sasa mtu aliyeketi benchi anaruka kwa miguu ya nani?

Kisha jezi ya mwenzangu Lucius Tolliver ilichanika, ya akiba hatukuwa nayo, nikavua yangu, nambari 24, nikampa. Mwandishi wa pointi aliambiwa. Aliyehesabu ribaundi hakuambiwa, na yeye alitazama migongo tu. Lucius mweusi, mimi mweupe, na bado hakuona! Kumi na tisa za Lucius zikaandikwa kwangu. Ongeza nne alizodaka kabla, ni ishirini na tatu, na hadi leo hakuna aliyezifikia.

Lucius aliniuliza, "Utawaambia?" Nikamjibu, "Kesho." Sifa zilikuwa tamu, Curtis. Naona aibu.

Baba yako

28 Januari

Shikamoo, baba. Unaendeleaje?

Karatasi nimeiona, ni kama ulivyosema. Nimempelekea mkurugenzi wa michezo. Anasema kibao kimeshachongwa, wageni wameshaalikwa, na atakayegusa rekodi hiyo atafute kazi kwingine. Nakuomba, kipokee tu, upunge mkono, yaishe. Nina watoto.

Curtis

1 Februari

Marahaba. Goti usiliulize.

Nakuja, na Lucius atakaa kiti cha mbele. Nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Kesho yako ilikuwa ndefu, Verlin." Wakinipa kipaza sauti nitasema. Wakininyima, nimeita ng'ombe miaka thelathini, sauti ninayo. Wewe linda watoto wako. Hili ni langu.

Baba yako

9 Februari

Shikamoo, baba. Natumaini mlifika salama.

Msalimie mzee Lucius. Joanne bado analia akikumbuka ukumbi mzima ulivyosimama kumpigia makofi.

Leo asubuhi mkurugenzi ameniita, akataka ukurasa wa ribaundi kitabuni ubaki kama zamani. Nikamwambia umeshachapwa. Haukuwa umechapwa. Nikashuka chini, nikauchapa, ndipo nikarudi kumkabidhi funguo za ofisi. Watoto nimewaeleza kwa nini niko nyumbani, na mkubwa ameubandika ukurasa ukutani.

Nakala yako hii hapa. Tolliver, ishirini na tatu, rekodi ya chuo. Zako kumi na mbili hazikutosha kuingia.

Mwanao, Curtis