Saa Nne ya Bruda

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Nimesafisha plagi tena. Masizi matupu. Petroli hakuna, tunachanganya na mafuta ya taa, na injini ya kusagia ya akina mama wa Bonga inagonga mpaka mabati yanacheza. Ikiendelea hivi pistoni itatoboka. Lazima moto wa plagi ucheleweshwe kidogo. Mimi fundi wa dizeli. Za petroli nabahatisha, ila hilo nimwambie nani?

Jumanne, 7 Agosti

Nimekwenda Mutuka, kwa mzee Tluway, aliyekuwa fundi wa misheni. Macho yake yamekwisha, lakini vifaa anavitunza. Kaniazima geji ya presha iliyoungwa kwenye plagi yenye tundu. Moto ukiwaka ndani, mshale unaonyesha nguvu yake. Nimeishika njia nzima kama yai.

Kanipa na karatasi ya Bruda, yule Mzungu aliyeifunga injini hii kabla hajarudi kwao. Kiswahili safi: pistoni ya kwanza ikiwa juu na presha imejaa, rota, kile kidole cha kugawia moto, ielekee saa nne. Nimefurahi sana. Kumbe kazi nyepesi.

Jumatano, 8 Agosti

Nimefungua, nimesafisha, nimefunga. Rota saa nne kamili, nimelinganisha na saa yangu ya mkononi. Nikazungusha hendeli. Ikapiga mzinga kwenye ekzosi, kuku wa jirani wakatawanyika.

Haiwaki. Bega linauma.

Alhamisi, 9 Agosti

Nikizungusha kwa mkono, geji inapanda vizuri. Presha ipo, injini ni nzima. Basi kosa ni langu. Wapi, sijui.

Mama Safari, mwenyekiti wa kikundi, alipita. Hakufoka, na afadhali angefoka. Kuna mtu wa mjini anaitaka injini, na Jumamosi kuna kikao. Wenzake wamechoka kungoja. Ikiuzwa, watabeba mahindi kichwani mpaka mjini kama zamani, na mimi nitakuwa fundi aliyeua mashine. Nimeona aibu. Ugali haukupita.

Ijumaa, 10 Agosti

Mama Safari karudi asubuhi. Nikamsomea karatasi ili aone kwamba sikukosea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Saa nne ya nani, Baba Neema?"

Sikumwelewa. Akanikumbusha siku ya kuzindua mashine. Walimwalika Bruda saa nne, akatokea saa kumi jioni, pilau imekwisha, naye anashangaa mbona watu wanaosha masufuria. "Kwake nne ni pale palipoandikwa nne."

Nikatazama saa yangu. Jamani! Saa nne yetu, mshale mfupi uko kwenye kumi. Namba kumi na namba nne zinatazamana uso kwa uso. Siku mbili nilikuwa nawasha moto wakati wa kutoa moshi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mama Safari hakucheka, alisema nikimaliza kucheka nifunge.

Nikageuza rota. Hendeli mara mbili, ikawaka. Ilikuwa bado inagonga, nikafunga geji, nikachelewesha moto kidogo kidogo, sikio kwenye injini, jicho kwenye mshale. Kugonga kukakoma, mshale ungali juu. Nikakaza nati. Nina raha tupu.

Jumamosi, 11 Agosti

Kikao hakikufanyika. Wajumbe wote walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na debe lake. Mtu wa mjini alikuja, akasikiliza injini, akaaga. Nimerudi nyumbani mweupe wa unga hadi kope.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani, kisha nyumbani. Mke wangu kapika ugali wa unga mpya. Nimekula mara mbili.

Kesho naipeleka karatasi kwa mzee Tluway. Nimefuta saa nne, nikaandika saa kumi. Nikakaa, nikawaza: je, akija Mzungu mwingine akaisoma?

Nimefuta na hiyo. Nimechora mshale.