Nimezama Kwenye Maji ya Magotini

Rafiki yangu Waseya, usicheke kwanza. Nimepindua mtumbwi! Mbele ya wanafunzi wote wa chuo!

Si unajua utafiti wangu ni kupima kina cha maji yanamoota mpunga mwitu? Basi nikasimama mtumbwini niwaonyeshe mabua ya mpunga yaliyoota tena, najishaua kwa lugha yetu ya Kiojibwe: "Ziwa hili ndilo lililonilea!" Mara chubwi!

Nikapiga mayowe: "Nakufa! Niokoeni!"

Shangazi Delphine, yule anayechagua mwalimu wa wanafunzi hao kiangazi kijacho, kazi ninayoitaka mimi, akaniita toka ufukweni: "Mwanangu, hebu simama."

Nikasimama. Maji yako magotini. Magotini, Waseya! Mimi mpima kina!

Nikajua kazi nimeikosa. Shangazi akafuta machozi ya kicheko: "Kazi ni yako. Kina hicho wanafunzi hawatakisahau."

Nimeajiriwa nikiwa na tope masikioni.