Nilimwambia Binti Yangu Abadilishe Jibu

Bi Hefina mpendwa, naomba unisaidie. Sijawahi kuandikia gazeti, na nisingeandika leo kama jambo hili lingekubali kunitoka kifuani.

Mimi ni fundi wa nondo na mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu ujana, nina miaka hamsini na minne, shule niliacha nikiwa na kumi na sita, na huu ni mwaka wa tatu niko London kwenye jengo moja tu, nyumbani Ebbw Vale nafika kila baada ya wiki mbili, nikifika nalala. Binti yangu Lowri amemaliza sheria Cardiff na anatafuta kampuni ya mawakili itakayomchukua kama mwanafunzi wa kazi, na siku hizi kabla hawajakuita usailini wanakupa mtihani kwenye kompyuta, wala si wa vifungu vya sheria, ni visa vya ofisini, wanakuambia limetokea hili, chagua ungefanya nini. Mwezi wa pili alinipigia akiwa katikati ya mtihani huo akanisomea swali moja lililomkwamisha. Mwanafunzi mwenzako ametuma mkataba wa siri kwa mteja asiye wake, na anakuomba usimwambie mtu.

"Mimi nimechagua nimwambie twende wote kwa msimamizi sasa hivi," akasema.

"Lowri, huo ni usaliti uliochana nywele."

"Si usaliti, Baba. Naenda naye."

"Babu yako angekusikia. Msaidie hilo liishe kimya kimya. Bosi ajue ili iweje?"

"Haya, Baba," akasema, akabadilisha.

Uelewe nilikotoka, Bi Hefina. Baba yangu alichimba makaa ya mawe, na mtaani kwetu alikuwepo mzee aliyempelekea meneja jina la mwenzake wakati wa mgomo, watu walikuwa wakivuka barabara wasimsalimie, mpaka akafa, na jeneza lake lilibebwa na watu wa kukodiwa. Mimi nilikua nikiyaona hayo.

Wiki mbili baadaye Lowri akapata majibu, hakufaulu, na ripoti ikasema huchelewa kumjulisha msimamizi mambo yanapoharibika. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Nilipowasimulia wenzangu kantini, Desmond anayeendesha winchi akaweka kikombe chini akasema, "Hongera, Prosser, umefeli uwakili bila kukanyaga chuo," wakacheka, nami nikacheka, halafu mkate ukanishinda kumaliza.

Sasa ana mtihani wa kampuni nyingine mwisho wa mwezi na anasema atanipigia tena tuufanye pamoja. Nikikataa ataona nimemtupa, nikikubali nitamwangusha mara ya pili, au nimwambie ajibu wanavyotaka wakubwa hata kama moyo wake haupo? Nimemharibia mwanangu maisha?

Emlyn Prosser


Bwana Emlyn,

Vuta pumzi. Hujaharibu maisha ya mtu. Mitihani ya namna hii huwa na visa vingi, wewe ulisomewa kimoja. Vingine alivijibu mwenyewe, na kama ripoti imetaja tabia nzima, basi hata huko aliteleza, kama wanavyoteleza wengi mara ya kwanza. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote.

Sehemu yako lakini ubebe. Mtihani huo hufanywa na mtu mmoja, na kwa kawaida kabla ya swali la kwanza mtu hukubali kwamba hatasaidiwa. Wewe hukujua. Lowri alijua, na huyu anataka kuaminiwa siri za watu. Mwambie hivyo bila kupepesa macho. Siku ya mtihani simu yako iwe imezimwa, na yake pia. Hakuna mtu anayemtupa mwenzake hapo. Nadhani mabega yako yameshaanza kushuka, maana kumbe kazi unayoiogopa si yako kabisa.

Sasa lile jibu. Ulilisikiliza vibaya, Bwana Emlyn. Yule mzee wa mtaani kwenu alikwenda kwa meneja peke yake, nyuma ya mgongo wa mwenzake. Binti yako alisema anakwenda *naye*. Wewe umekaa kwenye chama cha wafanyakazi miaka yote hiyo, unajua mtu akiitwa ofisini kwa kosa nani huingia naye na kukaa kiti cha pembeni. Mtaani kwenu mtu huyo hawamwiti msaliti. Baba yako mwenyewe angempa mkono. Tena kuna mteja uliyemsahau, ambaye siri yake imeshaingia mikononi mwa mgeni na kila dakika ya kimya inamgharimu yeye, si ninyi.

Kuhusu kudanganya, asidanganye. Kampuni nyingi huweka mitihani ya mazoezi kwenye tovuti zao. Ukirudi nyumbani wiki hii usilale kwanza. Kaeni mezani jikoni, wewe usome kisa, yeye achague na akueleze kwa nini, nawe umbishie kadiri unavyotaka, maana ubishi wako ndio utakaomlazimisha kufikiri. Kila kisa mwulize nani ataumia, nani lazima ajue, na kipi hakiwezi kusubiri hadi kesho. Akiona majibu wanayoyapenda wale watu yanamkera moyoni, atafute kampuni nyingine. Afadhali ajue akiwa jikoni kwenu.

Hayo ni ya mwisho wa wiki. La leo ni dogo, nawe umelikwepa tangu ripoti ije. Uliandika barua nzima na hakuna mahali uliposema kwamba umemwambia. Mpigie wakati wa chai, Desmond akiwa huko juu kwenye winchi yake. Mwambie, "Mwanangu, jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea." Halafu usiongeze neno. Mwache aongee yeye.

Hefina