Chupa ya Mwamba imefika

Yaya Heshima,

Basi, vile nilikuwa nakuambia simu ikakatika: chupa imefika hapa Norsborg. Unamkumbuka mzee Lucien wa Jura, kule Ufaransa, mwenye kashamba kadogo ka zabibu, kule mume wangu Mwamba alikuwa anaenda kuvuna? Divai yake nyeupe inalala ndani ya pipa miaka sita na zaidi, haiguswi. Ikiiva, yule mzee anamtumia kila mvunaji chupa ya zabibu alizokata mwenyewe. Hizi alikata Mwamba, na sasa ni mwaka mzima yuko chini ya udongo.

Jirani Nicole akaja na wigi jipya, linamkaa kama kofia ya polisi. Akanusa glasi, akasema, "Mama Gaëlle, hii inanukia karanga." Tukacheka. Kumbe nilikuwa nimemimina glasi tatu. Nicole akaiangalia ile ya tatu. Mimi niliona glasi tu. Hata siku ya mazishi sikulia, yaya, sijui machozi yamekwama wapi.

Theluji bado. Majani ya sombe napata dukani Hallunda, ila ghali.

Ngoja, Gaëlle ananiita: "Mama, simu, kom," yaani njoo, Kiswidi chake hicho. Ni mzee Lucien. Anaomba kuongea na Mwamba, anataka kujua kama ameionja.

Mdogo wako,
Dorothée