Mtapo Uliobaki Uani

Keko Machungwa, 14 Januari 2024

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaykum. Sie huku mwili haujambo. Lulu wako kang'oka meno mawili ya mbele na anacheka bila haya. Nyie huko Mafinga na baridi yenu mnaendeleaje? Simu nimeishindwa. Mashine ya randa imeniua masikio. Ukiongea nasikia upepo tu, na ujumbe naandika kwa shida. Barua hii nampa Theonest, dereva wa lori, akishashusha mbao hapa karakana anarudi nayo huko.

Mama yako anazidi kupotea. Juzi aliniita kaka, akaniomba nimsindikize kwao kabla mume wake hajarudi. Mie ndiye mume wake, Raudha. Niliingia jikoni nikalia kama mtoto. Anatulia akikaa uani tu, kwenye ile mitapo miwili yenye makuti kama minazi mifupi, aliyokuja nayo kutoka Kilwa. Hiyo hajaisahau. Anamsimulia Lulu mwaka wa njaa, walivyokuwa wanakula unga wa mbegu zake.

Sasa kuna mtu anapita hapa na vidonge vya mti unaitwa ginko. Anasema vinarudisha kumbukumbu. Wewe unafundisha mimea. Niambie vinafaa. Hata kama vinafaa kidogo, niambie.

Baba yako,
Marijani

Mafinga, 27 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo, wanafunzi hawajambo, mafua tu ndiyo hayaniachi. Mbusu Lulu kwenye pengo. Mwambie wakinipa nyumba ya mwalimu nakuja kumchukua.

Nimechelewa kujibu kwa sababu najua unataka niseme ndiyo. Ginko imo kwenye mada ninayofundisha kidato cha tano sasa hivi: mimea ya mbegu uchi, ile isiyofunika mbegu zake ndani ya tunda. Ina makundi makubwa manne. Ginko ni kundi la mti mmoja. Ndugu zake wote walikwisha zamani sana, ukabaki wenyewe huko Uchina, na majani yake kama kipepeo. Wataalamu wamewapa dawa yake wagonjwa wengi wa kusahau, na kumbukumbu hazikurudi. Usinunue, baba.

Kundi kubwa kuliko yote ni la hii paini unayoiranda kila siku. Mti mmoja huzaa koni, zile zenye magamba kama nanasi: dume ndogondogo na jike ngumu kama mbao, mbegu zimelala humo ndani. Kundi jingine halina hata jina la Kiswahili. Umo mmea unaotoa dawa ya kifua, na mwingine wa jangwa la Namibia wenye majani mawili tu maisha yake yote.

Ila kundi ninaloliogopa liko uani kwako. Mbegu za mtapo zina sumu inayoharibu ini. Kina bibi walizikata, wakaziloweka na kumwaga maji tena na tena, ndipo wakasaga. Mama anakumbuka kula. Je, anakumbuka kuloweka? Mtapo si kama paini, una mti dume na mti jike, kila mmoja peke yake. Jike ndilo linalozaa mbegu. Likate, baba. Dume mwachie mama akae nalo.

Mwanao,
Raudha

Keko Machungwa, 18 Februari 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, pale kwenye benchi la kazi.

Jike nimelikata. Mama yako aliushika msumeno kwa mikono yake, akilia, "Shomari, tutakula nini? Tutakula nini, Shomari?" Shomari ni kaka yake, Mungu amrehemu. Nilimshika mpaka akachoka. Sasa anakaa kwenye ule uliobaki, na mie nalala roho ikiwa imetulia.

Vidonge nilinunua. Usinikasirikie, mtu anayezama hashauriwi ashike nini. Vimekwisha, na bado mie ni kaka.

Baba yako

Ujumbe wa simu, 21 Septemba 2024

BABA: Raudha mama yako na Lulu wanatapika. Nimetoka karakana nimewakuta hivi. Mama yako kapika kitu, sufuria ina uji mzito wa kijivu

RAUDHA: Baba wapeleke hospitali sasa hivi! Wamekula mtapo?

BABA: Mtapo jike nilikata

RAUDHA: Uliobaki una nini juu?

RAUDHA: Baba angalia katikati ya makuti. Una nini?

BABA: Una mbegu

RAUDHA: Chukua mbegu moja uwaonyeshe madaktari. Kimbia baba

BABA: Tuko kwenye bajaji. Lulu analegea

RAUDHA: Mwite jina asisinzie. Natafuta usafiri naja

RAUDHA: Baba

RAUDHA: Baba nijibu

Keko Machungwa, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaykum. Natumai mlifika salama na Lulu anaendelea kupata nguvu. Ulivyombeba kutoka wodini hukunitazama, na sikulaumu. Lakini nataka ujue nilivyofikiri. Uliandika kwamba paini hulaza mbegu zake ndani ya koni. Nikaenda uani. Mtapo mmoja ulikuwa na koni imesimama juu, kubwa kuliko gunzi la hindi. Mwingine naona makuti tu. Nikasema basi, mwenye koni ndiye mama.

Mama yako wamemruhusu arudi nyumbani. Macho ni ya njano, tumbo limejaa. Daktari anasema ini halina nguvu na chakula ndicho kitakachomshika. Naye hali! Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo, anasema, "Mtoto kwanza." Akili yake iko Kilwa kwenye njaa ile. Alipompikia Lulu alijua anamwokoa. Nimemwambia mtoto ameshakula, haniamini, anaona nataka ale haki ya mtoto. Nimejaribu uji, maji ya dafu, mchuzi. Jana nilimpigia magoti.

Mlete Lulu. Hata kwa saa moja tu, mama yako amwone anakula. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Baba yako

Mafinga, 29 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Lulu anaenda shule sasa, ila akisikia harufu ya uji anatapika. Nilipomtajia Keko alijificha chini ya kitanda. Siwezi kumleta, baba. Nimejaribu kumbembeleza, siwezi.

Kosa si lako. Koni ile ya mtapo ndiyo ya dume. Jike lake halina koni. Huning'iniza mbegu pembeni mwa vijani vifupi vilivyojificha katikati ya makuti. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuandika hivyo, mie nikaijaza habari za Namibia.

Nilimweleza Lulu kwamba bibi hataki kula. Akauliza, "Kwa sababu yangu?" Nikamjibu anamngojea yeye ale kwanza. Akaniambia niandike haya, msomee kama yalivyo:

"Bibi, mie nimekula wali na maharage. Nilikula nikaongeza. Kingine nimekuachia. Kula."

Mwanao,
Raudha

Keko Machungwa, 1 Desemba 2024

Mwanangu Raudha,

Nakusalimu wewe na Lulu. Wageni wa msiba wamekwisha kuondoka, nyumba imebaki na mie na kaka yako Badru aliyekuja kuzika. Siku ile ya mazishi watu walikuwa wengi, na masikio yangu haya, sikuweza kukuambia jambo hili. Nakuandikia ulijue.

Barua yako Theonest aliileta mchana, siku chache kabla mama yako hajafariki. Nilikaa kitandani nikamsomea mama yako maneno ya Lulu. Alinitazama sana. Akauliza, na safari hii nililisogeza sikio mdomoni kwake nikamsikia: "Aliongeza?"

Nikasema, "Aliongeza, Chausiku. Na kingine kakuachia."

"Basi lete."

Nilipika wali mwenyewe, laini, nikaumwagia mchuzi wa maharage. Alikula sahani ile yote, Raudha, akaufuta mchuzi uliobaki kwa kidole. Kesho yake akala tena, na keshokutwa. Ini halikungoja. Daktari alisema tulichelewa, lakini hakufa na njaa.

Lulu akikua atasikia kwa watu kwamba bibi yake alimlisha sumu. Muwahi wewe. Mwambie alikataa kula mpaka aliposikia mjukuu wake ameshiba.

Mie sijui nitakaaje. Njoo likizo ikifika, uje na Lulu kama atakubali. Asipokubali, njoo peke yako.

Baba yako,
Marijani