Dirisha Linalovimba

Jumatatu, 9 Juni

Ulipotelea wapi, wewe mwanamke? Siku kumi na tisa hujafungua hapa. Nimehesabu. Usiniambie habari ya kuku na magoti. Haya hasomi mtu mwingine, ni mimi na mimi tu, kwa hivyo aibu yote ni yako.

Maharagwe yako motoni. Chai nimeshakunywa. Sasa andika.

Nyambura amekufa. Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake Kamenu. Kimani, mtoto wake wa kwanza, alinipigia simu kama mtu anayetangaza mkutano wa maji. Nimelia mpaka jana. Leo silii, nina kazi.

Kazi ni kijitabu cha mazishi. Familia imenipa ukurasa mmoja, wa rafiki. Mimi na Nyambura hatukuenda shule hata siku moja. Kuandika tulijifunza ngumbaru, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kimbo, wajukuu tayari tunao, kitabu kimoja sisi wawili. Tukaahidiana: atakayetangulia, mwenzake atamwandika. Mwenyewe. Bila kuandikiwa na mtoto.

Kijitabu kinaenda kwa mpiga chapa Thika Jumatano. Tunazika Jumamosi.

Jumanne, 10 Juni

Kimani ametuma maandishi yake ili nitoe humo majina ya watoto. Upuzi mtupu. Kurasa mbili za Kimani. Kimani alisoma wapi, Kimani alimjengea mama nyumba ya mawe. Mama mwenyewe mistari minne. Kahawa aliyochuma mpaka mgongo ukapinda, hakuna. Muthoni, kitinda mimba, aliyemwosha na kumlisha miaka minne, yuko mwisho wa orodha ya watoto, jina tu. Nitaonyesha watu. Ukurasa wangu utasema ni nani aliyekuwa akiamka.

Shida ni kompyuta. Ni ya zamani ya Wambui, mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika maprogramu. Programu ya kuandikia niliyokuwa nayo kwanza ilinichorea mistari myekundu chini ya kila neno, kama mwalimu mwenye njaa. Wambui akaniwekea hii anayotumia yeye. Hii haichori. Hii ina madirisha. Juu nimefungua maandishi ya Kimani, chini yangu, vile tulivyofundishwa ngumbaru: mstari wa mwalimu juu, wako chini, jicho linapanda, linashuka. Mimi sijui kuandika majina ya watu namna nyingine.

Sasa ona ujinga. Nikiingia dirisha langu, linavimba. Lenyewe! Sijaligusa! La Kimani linafinywa huko juu mpaka linabaki ufa. Nikirudi kwake, lake linavimba, langu linafinywa. Kama mwanaume anayekaa kwenye benchi na kutanua magoti kila anapoona mtu anataka kukaa.

Nimempigia Wambui.

"Shosho, hiyo inakusaidia. Inajua uko dirisha gani, inakupa nafasi."

"Nani aliiomba?"

"Utazoea, Shosho."

Nitazoea! Meno ya bandia nimezoea. Hii sizoei. Kuna mtu alikaa mahali, akalipwa mshahara, akafikiria: huyu mama akiangalia hapa, kule hana haja nako tena. Huyo mtu hajawahi kunakili kitu maishani mwake. Mjinga aliyesoma, hao ndio wabaya.

Jumatano, 11 Juni

Nimemaliza.

Kahawa nimeiweka. Siku ile nilishikwa na homa shambani, Nyambura akajaza debe lake na langu, mnyapara asijue. Nimeweka alivyocheka alipoandika jina lake mara ya kwanza, akataka kuliandika mpaka kwa mlango wa choo. Nimeandika: "Binti yake alimtunza miaka minne." Jina la Muthoni sikuliweka hapo, kwa sababu orodha ya watoto inafuata.

Hiyo orodha ndiyo iliyonitoa jasho. Majina yao ya ubatizo yana herufi zisizosomwa. Dirisha limevimba, nimelirudisha, limevimba. Mwishowe nikaliacha livimbe. Nikaweka kidole juu ya kioo, hapo kwa Kimani palipobaki, nikanakili herufi moja moja mpaka kidole kikafika ukingoni. Wambui akatuma saa kumi.

Nimekushinda, kidirisha wewe. Lala na uvimbe wako.

Alhamisi, 12 Juni

Siwezi kula.

Muthoni alikuja na kijitabu kimoja kutoka Thika. Alitumwa kukichukua, maana ndiye anayetumwa siku zote. Akaniletea na nduma za kuchemsha. Akafungua ukurasa wangu, akaniwekea mezani, akagusa orodha. Watoto watano. Nyambura alizaa sita.

"Hata wewe, Tata?"

Tata, ndivyo watoto wa Nyambura huniita, kwa vile nilikuwa kama dada ya mama yao. Hakulia. Alikunywa chai yake, akaosha kikombe, akaenda. Hata kikombe aliosha.

Na kuna ule mstari wangu. "Binti yake alimtunza." Mabinti walio kwenye orodha ni wale wawili wanaokuja Krismasi. Nimechukua miaka minne ya Muthoni nikawapa hao. Mimi, niliyemtukana Kimani wiki nzima.

Nimefungua kompyuta nione. Nikaingia dirisha langu, likavimba, macho yangu yakabaki kwa lile la juu. Ukingo wake wa chini ukapanda polepole. Majina matano yakabaki yanaonekana. La sita likazama chini ya ukingo. Hapo ndipo Muthoni alikuwa. Kwa karatasi, karatasi ikiisha, maneno yameisha. Kidole changu kilifika ukingoni kikasema basi.

Kusema hakuna aliyeniambia ni uongo. Wambui alinionyesha kushusha maandishi, yaliyojificha chini yatokee, siku ile ile aliyoleta kompyuta. Nilijua. Nilikuwa na hasira na dirisha, nikataka kulishinda.

Dirisha ni jinga. Lakini kidole kilikuwa changu.

Ijumaa, 13 Juni

Vimeshachapwa vyote. Mia mbili.

Wambui ameomba ruhusa kazini akanipeleka Kamenu. Njiani akasema atachapisha vikaratasi vya jina, tubandike. Nimekataa. Nimemwacha nje kwa mkono wangu, nitamrudisha kwa mkono wangu.

Nimekaa kwa meza ya Nyambura na kalamu nyeusi. Muthoni chini ya orodha. Muthoni juu ya neno "binti". Kijitabu kinachofuata. Mwandiko wangu unaenda upande kama mbuzi mgonjwa.

Kimani alikuja akasimama nyuma yangu.

"Tata, wageni wataona ni uchafu."

"Shika kalamu ama utoke kwa mwangaza."

Alienda kuuliza habari ya mahema. Muthoni alipita na chai ya wageni mara nne, hakuangalia meza. Sikumwita. Ningemwita nimwambie nini?

Wambui amezima ule ujinga wa dirisha jioni. Mstari mmoja wa mipangilio. Mmoja! Akaniomba msamaha. Nikamwambia ale.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika. Baridi.

Kimani alisoma yake, watu wakaangalia viatu. Mimi nilisoma yangu. Nilipofika kwa watoto nilifunga kijitabu, nikawataja wote sita kwa kichwa, nikaanza na wa mwisho.

Muthoni alikuwa na kijitabu magotini. Alikifungua, akaangalia mwandiko, akapitisha kidole juu yake. Akakifunga. Baadaye alikuja akakaa kando yangu, akanifunika miguu kwa leso yake.

Vidole vimevimba. Nalala.

Jumatatu, 16 Juni

Kuku wawili wametaga. Uji, dawa ya magoti.

Madirisha mawili yako wazi. La juu, ukurasa wa Nyambura. La chini, haya. Nimeingia hili, nikangoja. La juu limekaa pale pale nilipoliweka.

Ukifungua hapa tena, na usinikalie siku kumi na tisa, usianze kuandika. Shusha kwanza lile la juu mpaka chini kabisa, uone kama kuna mtu amebaki huko. Halafu mpigie Muthoni, umwambie chai iko motoni.